Kamati ya Usimamizi wa Kusaidiana Kuandika

Inatangazwa kwa wote wanaohusika, na zaidi kwa wale wasiohusika lakini hupenda kusikiliza, kwamba kuanzia Jumatatu tarehe tatu Machi 1958, mwanafunzi yeyote wa Ustawi wa Jamii mjini Nakuru haruhusiwi kumsaidia mwenzake kuandika bila idhini ya Kamati ya Usimamizi wa Kusaidiana Kuandika.

Tangazo hilo niliandika mimi, Darweshi Mbaruku, mzaliwa wa Bondeni, Karani Mkuu wa Ofisi ya Ustawi na Mienendo kwa miaka kumi na minne bila tone la wino kugusa mkono wa shati langu. Nililibandika mlangoni kwa gundi pande zote nne, kwa sababu tangazo lililobandikwa juu tu watu hulichukua kama maoni.

Wapo waliocheka. Nitaeleza mambo yalivyokuwa, ili angalau wajue walichekea nini.

Mwaka huo ofisi yetu ilikuwa na wanafunzi sita wa Daraja la Juu. Hawakuwa watoto. Kila mmoja alikwisha kupata cheti cha kwanza cha ustawi, akafanya kazi mitaani miaka miwili mitatu, ndipo akachaguliwa kurudi darasani kutafuta cheti cha pili, ambacho kilikuwa kikubwa kuliko cha kwanza kwa upana wa karatasi. Asubuhi walifundishwa. Mchana walitembelea familia za wafanyakazi, wakauliza wanaishije, kisha wakaandika ripoti. Mtu asiyepasi ripoti kumi na mbili angerudishwa kwao bila cheti.

Aliyezisahihisha ni Mkuu wa Ofisi, Bwana Crabtree. Huyu alikuwa mtu wa haki. Aliwarudishia wote ripoti zao bila kubagua kabila wala dini, kila moja ikiwa na maneno mawili ya wino mwekundu: Andika upya. Hakueleza kosa. Aliamini kwamba mtu akielezwa kosa lake hulizoea. Kiswahili alikisoma kwa vitabu, akakiandika vizuri sana, na kukisema kama mtu anayeshuka ngazi bila kujua zimebaki ngapi.

Aliyerudishiwa mara nyingi kuliko wote ni Owuor, mwalimu wa zamani kutoka upande wa Maseno, mtu mrefu mwenye sauti ya kunyamazisha gari moshi. Akikusimulia habari za familia aliyoitembelea utadhani umekula nao. Akishika kalamu, basi. Anaandika kama mtu aliyekamatwa. Alipopata Andika upya ya tano alikaa kwenye ngazi za ofisi, akaanza kupanga moyoni atamwambia nini mkewe atakaporudi bila cheti.

Hapo ndipo alipotokea Milcah Nanyama. Huyu alitoka Kimilili, alikuwa amefanya kazi katika zahanati, na alikuwa na ubaya mmoja: aliuliza swali kisha akangoja jibu. Alimwomba Owuor amsomee ile ripoti. Owuor akasoma. Milcah akakiri kwamba hakuelewa kitu, akamwambia aifunike karatasi na amweleze kwa mdomo tu. Owuor akaeleza, na Milcah akaiona familia yote, mpaka mbuzi wao.

"Hayo uliyosema sasa hivi ndiyo uyaandike," Milcah akamwambia.

"Lakini hayo ni maneno tu," akasema Owuor.

"Na ripoti ni nini?"

Nimeambiwa Owuor akatoa kalamu.

Tangu siku hiyo wale sita wakawa wanakutana saa tisa alasiri katika hoteli ya chai ya Kuluthum, kule Bondeni. Mmoja anasoma ripoti yake, wengine wanasema walichoelewa. Kama walichoelewa sicho alichokusudia, anaandika tena palepale. Ilipotokea wamebishana walimwita Kuluthum mwenyewe, ambaye hajui kusoma hata herufi moja, aje kuamua. Hakukuwa na mwenyekiti. Hakukuwa na kumbukumbu za mkutano. Walikuwa wakisaidiana hivihivi tu, kama majirani.

Hazikupita wiki tatu, Bwana Crabtree akaniita ofisini. Alikuwa ameshika ripoti kwa ncha za vidole.

"Darweshi," alisema, "nimesoma hii na nimeelewa mara moja. Kuna nini?"

Kwa miaka kumi na minne kazi yangu imekuwa kumweleza Bwana Crabtree maana ya karatasi zinazoingia, na kuwaeleza wanaoingia maana ya karatasi za Bwana Crabtree. Karatasi ikianza kujieleza yenyewe, karani atakula wapi?

Nilifanya uchunguzi. Nilikwenda kwa Kuluthum, nikakaa kona, nikaandika yote niliyoyaona. Kuluthum alikuja kuniuliza kama nitakunywa chai au nimekuja kuandika tu. Nilimjibu kwamba nipo kazini. Akasema wale pale nao wako kazini na wanakunywa. Kesho yake nilimwarifu Bwana Crabtree kwamba kuna msaada unatolewa mjini bila utaratibu, na yeye, kama kiongozi anayeona mbali, akasema msaada usikatazwe. Usimamiwe.

Ndiyo ikazaliwa Kamati. Mwenyekiti, Bwana Crabtree. Katibu, mimi. Kanuni zilikuwa ishirini na mbili, na sioni aibu kusema kwamba nyingi ni zangu. Mtu yeyote akikwama, ajaze Fomu ya Kuomba Msaada, nakala tatu, aeleze amekwama sentensi ya ngapi. Ombi halali halikataliwi. Hujibiwa ndani ya siku saba. Msaada utatolewa Jumanne, kuanzia saa nane hadi saa nane na dakika arobaini, chumba cha stoo. Ili kuzuia upendeleo, kila msaidizi atashughulikia kosa la aina moja tu. Thuo, kijana makini kutoka Subukia, alipewa nukta na mkato. Mwingine akapewa herufi kubwa. Mwingine pambizo. Milcah, kwa kuwa alikuwa na uzoefu, alipewa tarehe.

Maana ya ripoti ilibaki mikononi mwa Ofisi.

Milcah aliuliza, katika mkutano wa kwanza, mtu atasahihishaje mkato wa sentensi ambayo haruhusiwi kuielewa. Swali hilo niliandika katika kumbukumbu kuwa limepokelewa kwa shukrani.

Mambo yalikwenda vizuri sana. Ripoti zilipungua kueleweka, Bwana Crabtree akapata usingizi, na akaandika barua ndefu Nairobi kuisifu Kamati na kuomba mtu mkubwa aje kuiona. Ndipo ikaja habari ya Naliaka.

Naliaka alikuwa mjane. Mumewe alikuwa mshonaji katika kiwanda kimoja cha magunia karibu na njia ya reli, na alifariki mwezi wa Januari kwa homa ya mapafu. Alimwachia watoto watatu na mama mkwe ambaye macho yake yalikuwa yameisha, na wote waliishi katika chumba kimoja cha kampuni. Meneja wa kiwanda, Bwana Rutter, alitaka chumba chake. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na vyumba arobaini na wafanyakazi sitini. Lakini palikuwa na makubaliano kwamba kabla ya kuitoa familia yoyote, kiwanda kitauliza maoni ya ofisi yetu kwa maandishi. Kazi ya kwenda kuangalia akapewa Owuor.

Owuor alikaa kwa Naliaka mchana mzima. Alirudi na ripoti ya sentensi tano, nami bado ninayo, kwa sababu situpi karatasi. Ilisema hivi: "Naliaka ana watoto watatu na mama mkwe asiyeona. Mumewe alikufa Januari. Hana shamba, na akitoka hapa hana pa kwenda. Anajua kushona magunia, kwa maana alikuwa akimsaidia mumewe. Naomba aachwe katika chumba na apewe kazi ya marehemu."

Mtu yeyote aliyezoea kazi za ofisi ataona upungufu. Hakuna hata mahali pamoja pa kujificha.

Ripoti ikapita Kamati. Thuo akaweka mkato. Herufi kubwa zikawekwa, pambizo likanyooshwa, Milcah akathibitisha tarehe. Kisha ikaja kwangu niipandishe cheo. Nilifanya kazi siku mbili. Nilitoa watoto, kwa sababu kiwanda hakiajiri watoto. Nilitoa kifo, kwa heshima. Mwishowe ilisomeka: "Kwa kuzingatia hali ya makazi ya mhusika, na bila kuathiri haki za mwajiri, Ofisi inaonelea kwamba suala la kuondolewa kwake lisicheleweshwe kupewa uzito unaostahili."

Owuor aliisoma akiwa amesimama mbele ya meza yangu. Akauliza, kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo, "Karani, mama ameenda wapi?"

Nilimwonyesha neno mhusika. Akalitazama muda mrefu. Alikuwa na ripoti kumi na moja zilizopasi, na hii ilikuwa ya kumi na mbili. Nilimkumbusha hivyo. Sikumlazimisha. Nilimsogezea kalamu tu.

Akatia sahihi.

Bwana Rutter alipokea barua Jumatano, ikiwa imekunjwa mara mbili. Mkunjo wa kwanza, nakubali, ulikuwa umepita baada ya neno lisicheleweshwe. Naye ni mtu mwenye shughuli. Alisoma mpaka kwenye mkunjo, akaona Ofisi inamhimiza, na Alhamisi asubuhi maaskari wa kiwanda wakatoa vitu vya Naliaka nje.

Owuor aliwakuta hapo saa nne. Alikuwa amepita kumwambia Naliaka kwamba ripoti imekwenda. Kitanda kilikuwa uwanjani, kikongwe amekaa juu yake akiwa ameshika sufuria, watoto wamekaa chini, na mawingu yanashuka kutoka upande wa mlima Menengai. Owuor angeweza kupita kando. Wengi wangepita. Alikwenda mpaka mbele ya Naliaka akamwambia kwamba karatasi iliyomtoa ina sahihi yake.

Naliaka hakupiga kelele. Alimtazama kama mtu anayetafuta kosa katika hesabu.

"Ulikaa kwangu mchana mzima," akasema. "Uliniuliza mpaka mume wangu alikuwa akikohoa namna gani. Ni kitu gani nilichokueleza ambacho hukukielewa?"

Owuor aliinama akashika mguu wa kitanda.

Wenzake walikuja. Sikuwaona wakija, lakini niliwaona wakifika. Saa sita kasorobo nilitoka nje ya ofisi kupunga upepo, nikakuta veranda yetu ina kitanda, masanduku mawili, jiko, watoto watatu, mjane, na kikongwe anayeuliza kama hapa ndipo serikalini. Milcah alikuwa amesimama kando na kitabu changu cha kanuni, kimefunguliwa.

Nilimuuliza hii maana yake nini.

"Kanuni ya tisa, Mzee Darweshi," alisema kwa heshima kamili. "Mhusika ambaye shauri lake halijakwisha atakuwa chini ya uangalizi wa Ofisi. Tumemleta aangaliwe."

Nilimweleza kwamba nilikusudia uangalizi wa faili. Akaniomba nimwonyeshe mahali kanuni inaposema faili. Nilisoma mara tatu. Haikusema.

Bwana Crabtree alitaka waondolewe, lakini nilimkumbusha kwamba kumwondoa mtu kunahitaji maoni ya ofisi ya ustawi kwa maandishi, na ofisi ya ustawi ni sisi. Alianza kuyaandika. Hadi Jumatatu alikuwa kwenye ukurasa wa nne.

Kwa hiyo Naliaka akakaa. Usiku alilala na watu wake katika stoo ya faili za zamani, kwa ruhusa ambayo hakuna aliyeitoa. Mchana alikuwa verandani. Siku hizo mji ulikuwa na karatasi nyingi. Kila mtu alilazimika kuwa na karatasi ya kuonyesha kwamba anaruhusiwa kuwa pale alipo, na watu walipanga foleni kwetu tangu asubuhi. Naliaka akawa anawauliza wamefuata nini, halafu anawaelekeza mlango. Alikuwa akikosea mara chache kuliko sisi. Watu wakaanza kumsalimia yeye kwanza. Kikongwe naye alikaa kitandani akisikiliza mashine ya chapa kutoka dirishani kwangu, na siku ya pili akamuuliza mkaza mwanawe, kwa sauti ambayo foleni nzima ilisikia, "Hawa wanasaga nini tangu asubuhi, mbona unga hautoki?"

Sitaki kusema kwamba jambo hilo liliniudhi. Lakini nilianza kuchapa polepole.

Jumatatu Milcah aliingia na Fomu ya Kuomba Msaada, nakala tatu, imejazwa vizuri kabisa. Niliigonga mhuri kabla ya kuisoma, kama ilivyo desturi. Ndipo nikaona. Mahali pa jina la mwombaji aliandika: Ofisi ya Ustawi na Mienendo. Mahali pa sentensi iliyomkwamisha aliandika: Ya kwanza na ya pekee. Mahali pa aina ya msaada: Maana.

"Mwanangu," nilimwambia, "ofisi haiwezi kuomba msaada kwako."

"Kanuni inasema mtu yeyote aliyekwama. Ofisi haijakwama?"

"Ofisi haikwami. Ofisi huahirisha."

Alitazama nje dirishani, ambako mtoto mdogo wa Naliaka alikuwa amelala juu ya sanduku. "Mzee Darweshi, uliisoma ile ripoti ya kwanza ya Owuor. Ulielewa?"

Nilisema nimeielewa.

"Basi kwa nini hukuiacha?"

Nina majibu mengi ya maswali ya aina hiyo. Nimewahi kuyatoa kwa maofisa wakubwa. Siku ile niliona ni vizuri zaidi kupanga karatasi zangu. Alipotoka niliiweka fomu yake katika faili la Kamati, juu kabisa, kwa sababu ndiyo iliyokuwa ya mwisho kuingia, na utaratibu ni utaratibu.

Jumanne saa nne asubuhi akafika mgeni kutoka Nairobi, yule ambaye Bwana Crabtree alimwomba. Tulitazamia bwana mwenye kofia. Alishuka mwanamke wa makamo, Miss Penhallow, Mkaguzi wa Mafunzo, amevaa viatu vya kutembelea. Alikuwa muuguzi kwa miaka mingi na Kiswahili alijifunza kwa wagonjwa, kwa hiyo hakujua maneno makubwa, lakini alijua watu husemaje wanapoumia.

Alisimama verandani akatazama kitanda. Bwana Crabtree, ambaye hakosi la kusema akiwa amesimama wima, akamweleza kwamba hayo ni mafunzo kwa vitendo.

"Mama huyu ni mwalimu?" akauliza Miss Penhallow.

"Ni mhusika," nikasaidia.

Alikaa kwenye kitanda, kando ya kikongwe, akaomba faili la Kamati aletewe hapohapo. Nililileta. Akafungua. Fomu ya Milcah ilikuwa ya kwanza. Aliisoma taratibu, akafunua chini yake, akasoma ripoti yangu. Akairudia. Kisha akauliza barua hiyo ilipelekwa kwa nani, akatuma dereva wake amlete Bwana Rutter, akangoja mpaka alipofika.

Kwanza alimpa Bwana Crabtree ile karatasi, akamuuliza inasema nini. Bwana Crabtree akasema, bila wasiwasi, kwamba inasema shauri liahirishwe. Akamuuliza Bwana Rutter. Bwana Rutter akashangaa: yeye alielewa kwamba afanye haraka, naye alifanya haraka, na alitegemea kushukuriwa. Wakatazamana wale wawili. Halafu Miss Penhallow akanigeukia mimi niliyeiandika.

Wasomaji wangu, nilifungua mdomo. Nataka ijulikane kwamba nilikuwa na nia ya kujibu. Foleni yote ilikuwa imegeuka kunitazama, watu niliozaliwa nao, watu ninaoswali nao, na nikagundua kwamba ile sentensi niliijenga kwa siku mbili kwa ustadi mkubwa ili mtu asiweze kuniuliza nilimaanisha nini. Na sasa nimeulizwa.

"Haisemi kitu, Memsahib," nikasema.

Bwana Crabtree alinikanyaga mguu, lakini neno lilikuwa limekwisha kutoka.

Miss Penhallow akauliza ni nani aliyemtembelea mama huyu. Owuor akasogea. Alikuwa amekonda katika siku hizo chache. Alisema ni yeye, kwamba sahihi ni yake, na kwamba alitia akijua, kwa sababu alitaka cheti. Hakutaja jina langu. Milcah akamwambia asome ile ya kwanza. Owuor hakuwa nayo, ilikuwa kwangu. Nikaitoa mfukoni, wala sikumbuki ni saa ngapi niliitia humo.

Akasoma zile sentensi tano kwa sauti yake yote. Hata watu wa ng'ambo ya barabara walisimama.

Alipomaliza, Naliaka, aliyekuwa amesimama muda wote akiwa amekunja mikono, akasema, "Huyo ndiye mimi."

Bwana Rutter alivua kofia. Alisema kama angeandikiwa hivyo angejua la kufanya, kwa sababu washonaji anawatafuta tangu mwezi wa Februari, na chumba chenyewe bado ni kitupu, ameweka magunia tu. Akamuuliza Naliaka kama anaweza kuanza kesho. Naliaka akamjibu kwamba kesho atafagia vumbi la magunia yake chumbani, ataanza keshokutwa. Bwana Rutter akakubali. Niliona kwamba jambo lililotuchukua wiki mbili lilikuwa limekwisha katika muda wa mtu kufunga kamba za viatu, na nikahuzunika kwa ajili ya utaratibu.

Miss Penhallow akaifunga Kamati pale pale kitandani. Akasema wanafunzi waendelee kusomeana mahali walipokuwa wakisomeana, na cheti cha Owuor kitangoja ripoti nyingine moja, ambayo ataiandika na kuisimamia mwenyewe. Owuor akasema ni haki. Kisha Miss Penhallow akainuka, akajipangusa sketi, akauliza kitanda kitarudije.

Bwana Rutter akasema maaskari wake wako kwenye chakula. Bwana Crabtree akasema ataandika barua kuomba mkokoteni wa baraza la mji, na kwamba kwa kawaida jibu huja ndani ya siku kumi. Wanafunzi wakasogea kubeba. Miss Penhallow akawazuia kwa mkono.

"Wao walikileta," akasema. "Sasa ni zamu ya waliokitoa. Bwana Crabtree, shika upande wa kichwani. Karani, wewe miguuni."

Bwana Crabtree alimtazama ili aone kama ni mzaha. Haukuwa. Akavua koti, akalikunja, akakosa pa kuliweka. Mtoto wa Naliaka akalipokea.

Hivyo ndivyo tarehe kumi na nane Machi 1958, saa sita mchana, Mkuu wa Ofisi ya Ustawi na Mienendo na Karani wake Mkuu walivyopita katikati ya Bondeni wamebeba kitanda cha mbao ya mvule. Kilikuwa kizito kuliko kinavyoonekana katika faili. Naliaka alitutangulia. Nyuma yetu walikuja wanafunzi na masanduku, kisha foleni nzima ya ofisi, kwa sababu ofisi ilikuwa haina mtu wa kuwahudumia. Hakuna aliyetucheka. Ingekuwa nafuu wangecheka. Watu walisimama milangoni wakatusalimu kwa adabu, mmoja baada ya mwingine, nasi tulilazimika kuitikia kila salamu, na kila salamu kitanda kiliongezeka uzito. Kufika kituo cha petroli mkono wa shati langu ulikuwa umechanika. Bwana Crabtree alikuwa mwekundu mpaka shingoni, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alikuwa anaongea Kiswahili bila kufikiri: "Polepole. Shimo. Kushoto. Pole, Darweshi."

Mlangoni kwa Naliaka tulikwama. Kitanda kilikuwa kipana kuliko mlango. Tulikirudisha, tukakisukuma, tukakirudisha tena. Bwana Crabtree akapendekeza kwamba labda, kwa kuzingatia vipimo vya mlango, ingefaa suala la uingizaji liangaliwe kwa makini kabla ya hatua nyingine yoyote. Nami nilikuwa karibu kuunga mkono.

Kikongwe alikuwa amekalishwa kando, ukutani, juani. Alisikiliza mbao zikigonga ukuta mara ya tatu.

"Geuzeni," akasema.

Tukageuza. Kikaingia.